Kipimo Mama

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha Megahezi. Lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali mawili, kwa hiyo mtu akitaka kuinuka ni lazima atoe taarifa, la sivyo wenzake wanamwagika na kahawa zao. Kushoto hukaa Wembe, kinyozi, ambaye nywele zake mwenyewe zimemshinda kwa kuwa hamwamini kinyozi yeyote. Katikati hukaa Daktari, fundi viatu, aliyepewa cheo hicho kwa sababu ya mwandiko wake: akikuandikia siku ya kuchukua kiatu, utaipeleka karatasi duka la dawa. Kulia nakaa mimi, niliyechekesha watu jukwaani miaka kumi na saba na sasa nachekesha bure. Mbele yetu, kwenye kigoda, yupo Bi Birika mwenye kahawa. Megahezi mwenyewe, fundi mstaafu wa mitambo ya simu, huwa hakai kabisa. Husimama mlangoni pake, nusu ndani kwenye redio zake, nusu nje kwenye ubishi wetu. Lakini siku ninayoisema, saa tisa na nusu alasiri, nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, kikombe kimejaa hadi juu na kimepoa. Nilipoona hivyo, mzaha niliokuja nao kutoka nyumbani niliurudisha mfukoni.

— Leo ya ngapi? aliuliza Wembe, ingawa alijua.

— Mpaka jana ni nane, alijibu Megahezi. Ikifika saa kumi bila kitu, itakuwa tisa.

— Siku tisa si nyingi, nikasema.

— Kwa nani?

Nikachukua kikombe changu kwa Bi Birika.

Niwaeleze. Megahezi ana mdogo wake, analinda kituo cha kupimia mvua na upepo huko juu mlimani. Yuko peke yake, zamu ya miezi mitatu. Simu haishiki. Daraja la njia ya kupandia limezolewa na maji, na wahusika wanasema wataanza kulijenga mvua ikikatika, na mvua haijawaahidi chochote. Kitu pekee kilichomuunganisha na watu ni redio mbili ndogo alizoziunda kaka yake ndani ya mikebe ya biskuti, pacha, moja ikapanda mlima, moja ikabaki mezani chumbani humo. Hazitoi sauti ya mtu. Ni za kugonga, ti-ti-taa, ti-taa, herufi moja moja. Kila siku saa kumi kamili jioni mdogo anagonga, kaka anaandika, kisha anavuka njia kumpelekea shemeji yake salamu za mumewe. Miaka sita, zamu kwa zamu, hawajakosa kuongea hata siku moja. Halafu ghafla, kimya.

Ubaya ni kwamba siku ya kwanza ya kimya Megahezi alivuka njia kama kawaida, akamtazama yule mama, akasema, «Mzima, anakusalimia.» Siku ya pili maneno yakamwishia, akaja benchini. Nasi kwa huruma na ujinga tukaunda kamati ya salamu. Mimi mwenyekiti.

— Jana tulimwandikia nini? aliuliza Daktari. Tusije tukarudia.

Nikatoa karatasi, nikasoma kwa sauti ya jukwaani:

— «Mke wangu, ukungu wa huku ni mweupe, lakini haujaufikia weupe wa meno yako.»

— Mungu atusamehe, alisema Bi Birika. Mwanamume aliyeko mlimani hasemi meno. Anasema kuni.

— Alicheka lakini? nikamuuliza Megahezi.

— Alinitazama. Alinitazama mpaka nikasahau nilipoingilia.

— Yeye mwenyewe kwa kawaida huwa anasemaje? aliuliza Bi Birika.

— Mdogo wangu? Mkavu. «Mzima. Mvua kiasi. Kuni zipo. Na mlango je?» Basi, amemaliza.

— Mlango gani? aliuliza Wembe.

— Wa jikoni kwake. Bawaba ya juu imeng'oka, unafungwa kwa kamba. Niliahidi kuutengeneza kabla hajapanda, ikatokea hili, ikatokea lile. Siku zote ananiulizia, hata siku aliyokuwa na homa.

— Hiyo niliikata siku ileile ya pili, nikasema. Mtu unatuma salamu kwa mke, unaweka bawaba ya nini? Inatia kutu mahaba.

— Na mimi sikubisha, alisema Megahezi. Kuutaja tu naona haya. Bawaba mpya ninayo mfukoni mwezi wa pili huu.

Akaitoa, akaitazama, akairudisha.

— Mimi nasema ni mawingu, alianza Wembe, maana kimya kikizidi yeye ndiye wa kwanza kuvunjika. Mawingu mazito yanashika maneno. Huyo mtu anagonga kila siku, maneno yanafika kwenye wingu, yananasa kama nywele kwenye kitana. Mvua ikikatika mtashangaa, salamu za siku nane zitashuka kwa mpigo.

— Zitamwangukia nani?

— Yeyote aliye nje.

— Mawimbi hayanasi kwenye mawingu, Wembe.

— Umewahi kwenda kuangalia?

Daktari hakucheka. Alikuwa anafikicha gundi kwenye vidole vyake, na alipoongea aliongea na vidole hivyo.

— Mimi nilimwambia soli ya kushoto imekwisha. Akasema ana haraka. Nikampigia misumari miwili ya kushikiza, nikamwambia ukirudi nitaishona. Misumari miwili, jamani. Kwenye mawe yenye maji.

— Acha, Daktari.

— Nasema tu. Kama ameteleza, kateleza na mkono wangu.

Bi Birika akamjazia kikombe bila kuulizwa. Birika lilitoa sauti ile ya kuonyesha kwamba kahawa inakaribia kwisha.

— Huenda ni betri tu, nikasema. Betri imekufa.

— Anazo tatu, na kioo cha jua cha kuzichajia, alisema Megahezi. Na redio yenyewe inakula umeme kama ndege anavyokula mtama. Ndiyo maana niliziunda hivyo. Hazina hata kitufe cha kutafuta stesheni. Zimefungwa mahali pamoja, zinasikilizia kwenye tundu jembamba kama la sindano. Ukiwa ndani ya tundu unasikika hata ukinong'ona. Ukiwa pembeni, hata ukipiga baragumu, hazikujui.

— Basi redio yako ndiyo imeharibika! alisema Wembe kwa furaha, kama aliyeambiwa mgonjwa ni jirani.

Megahezi akainuka, akaingia ndani, akarudi amebeba kitu kwa mikono miwili.

— Laiti ingekuwa imeharibika, alisema. Mnakiona hiki?

Kilikuwa kisanduku cha bati, ukubwa wa tofali dogo, kimekwaruzwa, kimebandikwa namba zilizofutika. Alikiweka kwenye benchi kati ya Daktari na mimi.

— Hiki ni kipimo mama.

— Na kipimo baba yuko wapi? aliuliza Wembe.

— Sikiliza, wewe. Ndani ya redio kuna kristali, kipande cha jiwe kinachotetemeka. Ya kwangu inatakiwa itetemeke mara milioni saba kwa sekunde moja. Nitajuaje ni milioni saba? Ninayo mashine ya kuhesabu, nimeiunda mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza. Haya, na mashine ikihesabu vibaya, nitajuaje?

— Utaiuliza nyingine.

— Na hiyo nyingine?

Wembe akakuna nywele zake.

— Ndiyo maana kuna kipimo mama. Hiki hakidanganyi. Kristali yake imefungiwa ndani ya tanuri dogo, joto halipandi wala halishuki, kwa hiyo haiyumbi. Wenye maabara wananunua kipya kwa bei ya gari. Sisi wa mikebe ya biskuti tunavizia chakavu. Mnara wa simu ukivunjwa, humo ndani huwa kuna kitu kama hiki. Muuza vyuma alikuwa anakandamizia risiti zake zisipeperuke. Kanipa kwa bei ya sufuria lisilo na mfuniko.

— Na kilikwambia nini?

— Kwamba mashine yangu ni mwongo. Miaka yote sita! Mara mia nne na kitu inapotea njiani. Kwenye milioni saba si kitu, mtu wa kawaida asingejali. Mimi sikulala. Nikairekebisha mashine, nikairekebisha na redio. Leo hii redio yangu iko pale hasa inapotakiwa kuwa. Haijawahi kuwa sawa namna hii tangu izaliwe.

— Sasa si vizuri? nikauliza.

— Vizuri? Akanitazama kama nimemtukana. Redio ingekuwa mbovu ningejiambia mdogo wangu yupo, ni mimi nisiyesikia. Ningelala. Lakini imepimwa kwa kipimo mama. Sikio ni zima. Sikio zima likisikia kimya, ujue hicho ni kimya kweli.

Hapo hata Wembe alishika kichwa chake. Mimi nilihisi baridi ikipanda kutoka kwenye yale matofali mawili mpaka kisogoni.

Daktari alikuwa amekigusa kisanduku kwa ncha ya kidole. Akauvuta mkono.

— Kina joto!

— Nimekwambia ndani kuna tanuri. Nimekichomoa sasa hivi, kitapoa taratibu.

— Si joto la tanuri hilo. Weka mkono, Wembe. Hilo ni joto la mtu. Mtu mwenye homa.

Wembe akaweka mkono, akaukunja haraka kwapani.

— Kililetwa lini hiki? aliuliza Daktari, sauti imeshuka.

— Jumatatu ya wiki iliyopita.

— Na mdogo wako alinyamaza lini?

— Jumanne.

— Jamani, mnahesabu? Kitu kimetolewa kwenye mnara. Mnara umepitisha sauti za watu miaka na miaka, wanaopendana, wanaotukanana, wanaopigia simu wagonjwa. Sauti zote hizo zimepita humu. Mnara umevunjwa, kitu kina njaa. Kimeingia kwenye chumba chako, cha kwanza kukiona ni sauti ya mdogo wako. Kimeimeza! Ndiyo maana kina joto.

— Daktari, rudi kwenye viatu.

— Kimemmeza! Daktari akasogea ghafla kukikimbia, benchi likainama upande wangu, nikamwagiwa kahawa ya watu wawili, na kisanduku kikateleza kikatua mapajani mwangu. Naapa kilikuwa na joto la homa. Nilitoa ukelele ambao kwenye jukwaa haujawahi kunitoka hata kwa kulipwa.

Na tulikuwa katikati ya hali hiyo, mimi nimekumbatia kisanduku, Wembe amesimama juu ya matofali, alipotokea shemeji mtu na ndoo yake ya maji.

— Hamjambo hapo?

— Hatujambo! tuliitika wote kwa pamoja kama darasa.

— Leo mko kimya. Huwa nawasikia mpaka jikoni.

— Tunaongea taratibu, shemeji, alisema Megahezi. Kuna joto.

Jua lenyewe halikuwapo tangu asubuhi. Yule mama akaitua ndoo. Ni mwanamke mpole, mrefu, ana namna ya kukusikiliza inayokufanya uanze kusema kweli bila kukusudia. Wote tukatazama vikombe.

— Saa kumi ukiongea naye, shemeji, nina swali nataka umpelekee.

— Swali lolote.

— Muulize, mbona siku hizi amesahau?

— Amesahau... amesahau nini?

— Yeye anajua. Peleka hivyohivyo ulete jibu. Usiongeze kitu. Akaiinua ndoo yake, akanitazama mimi, si kaka mtu. Hasa meno, akamalizia.

Akaenda zake. Maji hayakumwagika hata tone.

Tulikaa kama watu waliosomewa mashtaka. Kamati ikaanza kazi, lakini kwa kunong'ona.

— Andika «sijasahau», alisema Wembe. Fupi, ya kiume.

— Sijasahau nini?

— Basi andika «nisamehe nimesahau».

— Akiuliza umesahau nini?

— Itakuwa siku aliyomwoa, alisema Daktari.

— Walioana wakati wa kiangazi, alisema Megahezi. Jamani, acheni. Hakuna wa kulijibu hili isipokuwa yeye. Nimelifikiria tangu ameinua ndoo. Saa kumi nitasikiliza. Nikikosa, navuka njia, nasimama mbele yake, namwambia nimemlisha maneno ya kutunga siku nane na sijui mume wake yuko wapi. Sijui kama yuko.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, kwa mazoea tu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mfuko ulikuwa mtupu.

— Samahani, fundi wa pasi ni hapa?

Tulishtuka sote. Alikuwa mwanamke wa makamo, hatumjui, amebeba pasi ya umeme ndani ya kitambaa, shingoni ana futi ya kushonea. Nikakumbuka, ni yule mshonaji aliyefungua chumba pale pembeni mwezi huu.

— Ni hapa, alisema Megahezi, lakini leo...

— Nani amefariki? aliuliza, akituangalia nyuso.

— Hapana! tulisema sote, kwa haraka mno.

Bi Birika akamvutia debe akae, akammiminia kahawa, na kwa kuwa Bi Birika akisimulia haongezi chumvi, dakika mbili zilitosha. Mdogo mtu, mlima, mikebe pacha, kimya, kipimo mama. Mshonaji alisikiliza huku anakiangalia kile kisanduku mapajani mwangu. Nilikuwa bado nimekishika. Nilikuwa naogopa kukiweka chini.

— Hiyo ndiyo futi mpya? aliuliza.

— Siyo futi, mama. Ni kipimo cha masafa ya redio.

— Futi ni futi. Na yule wa mlimani ulimpimia kwa ipi?

— Nani?

— Mdogo wako. Umesema redio ni mbili. Ya kwako umeipima upya kwa hii. Ya kwake ilipimwa kwa ipi?

Niliwahi kuona watu wakisahau maneno jukwaani. Sijawahi kuona mtu akisahau uso. Megahezi alibaki pale mlangoni na uso usio na mtu ndani.

— Nauliza tu, alisema mshonaji, akidhani amekosa adabu. Mimi futi yangu ya zamani ilivutika, sikujua. Nilipima watu kwa hiyo, nikaandika kwenye daftari, nikakata kwa hiyohiyo, nguo zikakaa vizuri. Nikanunua mpya, nikakata kwa daftari lilelile. Wateja watatu hawakuweza kukaa chini. Futi mpya haikuwa na kosa, mimi ndiye niliyewaacha wateja kwenye futi ya zamani.

— Kwa ile ya zamani, alisema Megahezi polepole. Nilizipima zote mbili siku moja, meza moja, kwa mashine ile mwongo.

— Kwa hiyo nayo imekosea, alisema Wembe.

— Imekosea vilevile. Zilikuwa zimekosea pamoja. Miaka sita tunakutana mahali pasipotakiwa, kila siku saa kumi, wala hatukujua. Akaushika ukuta. Yeye yuko palepale nilipomwacha. Mimi ndiye niliyehama.

— Saa ngapi sasa? aliuliza Bi Birika.

— Kumi kasoro dakika sita.

Tuliinuka wote bila kutoa taarifa. Benchi lilianguka, na hakuna aliyeligeukia.

Chumba cha Megahezi kinatosha mtu mmoja na mawazo yake. Tuliingia sita. Kuna meza, juu yake mashine ya kuhesabu ikiwa uchi, nyaya nje, na kioo kizee cha kuonyeshea mawimbi alichokiokoa kwenye jalala la chuo, na vipimio vya umeme vitatu ambavyo kila kimoja kina ugonjwa wake na anaujua. Mkebe wa biskuti ulikuwa katikati. Akaufungua mfuniko. Akavaa miwani, akachukua bisibisi nyembamba, akaonyesha skrubu ndogo kuliko punje ya mchele.

— Hii ndiyo inayoisogeza. Nilipoipima mara ya kwanza nilidondoshea rangi ya kucha juu yake isisogee. Rangi ya marehemu mke wangu. Wiki iliyopita nilipoigeuza, tone likapasuka. Tazameni, nusu iko kwenye skrubu, nusu iko pembeni.

Tukaona kweli, vinusu viwili vyekundu vimeachana.

— Virudishe vikutane, alisema mshonaji.

Megahezi akasogeza bisibisi. Ilipoigusa skrubu, akaivuta.

— Na nikivikutanisha halafu kimya?

Akaifuta bisibisi kwenye shati.

— Hiki ndicho kisingizio changu cha mwisho. Sasa hivi nina sababu ya kuamini yuko hai. Nikiigeuza skrubu, baada ya dakika chache nitakuwa nimekitumia.

— Baba, alisema Bi Birika, na hajawahi kumwita hivyo, ng'ambo ya njia kuna mtu mwingine anaogopa. Geuza.

Akageuza. Kidogo, kidogo tena, mpaka vinusu viwili vikawa tone moja. Kisha akawasha, akachomeka spika ili nasi tusikie, akashika penseli.

Saa ya ukutani ikafika kumi. Spika ikatoa mchakacho, kama kitu kinakaangwa mbali. Wembe alikuwa ananishika mkanda wa suruali. Dakika ya kwanza ikapita. Daktari alifumba macho, midomo yake inahesabu misumari miwili, misumari miwili. Dakika ya pili. Mchakacho tu. Nikamwona Megahezi anaanza kuiweka penseli chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

*Ti.*

Penseli ikasimama hewani.

*Ti-ti-taa.* Kisha kimya. Kisha ikaja tena, nyembamba, inayumba, lakini inakuja, inakuja.

— Ni yeye? nilinong'ona.

— Nyamaza! Ni mkono wake. Herufi ya mwisho huwa anaiburuza. Ni mkono wake.

Akaandika. Sisi wengine hatujui nukta hizo, kwa hiyo tulisoma penseli. *U. K. O.* Nafasi. *H. A. I.* Nafasi. Kisha upya, *UKO HAI.* Kisha upya.

— Anatwambia yuko hai! alisema Wembe, machozi yameshamfika kidevuni.

— Hapana, alisema Megahezi. Hatwambii. Anauliza. Ananiuliza mimi kama niko hai.

Siku nane. Mtu yuko peke yake kwenye ukungu, anagonga kila saa kumi, anasikiliza, hakuna kitu. Nasi tulidhani woga wote uko huku chini kwenye benchi.

Megahezi alishika kidude cha kugongea. Akagonga neno moja. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Kimya kikawa kirefu. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote, maana sasa tulijua kuna mtu upande wa pili. Halafu ikaanza kumiminika, haraka, inajikwaa, na penseli inaikimbilia. Ilipokoma Megahezi alisoma karatasi yake kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

— «Mzima. Mvua nyingi. Kuni zipo. Na mlango je?»

Daktari aliketi sakafuni. Wembe alikuwa anamkumbatia mshonaji pamoja na pasi yake.

— Swali! nikamkumbusha. Swali la shemeji! Muulize amesahau nini kabla hajazima.

Megahezi hakushika kidude. Alikuwa anaitazama ile karatasi, mstari wa mwisho, ametulia tuli. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa bawaba, akaiweka juu ya maandishi.

Nikaelewa. Nilielewa polepole kama mtu anayemwagiwa maji kutoka miguuni kwenda juu. Zamu hii nzima, kila salamu iliyovuka njia ile ilikuwa na mlango ndani yake. Siku niliyoshika mimi kalamu nikautoa, kwa sababu unatia kutu mahaba. Yule mama alipoletewa salamu isiyo na mlango alijua haikutoka kwa mumewe. Alijua siku ya kwanza, kabla yangu, siku ya «mzima, anakusalimia». Halafu nikamletea meno.

— Alikuwa akikwambiaje? nilimuuliza Megahezi. Ulipompelekea zile zetu, alikuwa akijibu nini?

— Alikuwa akisema, «Asante, shemeji. Na kesho uniletee.»

Akachukua bisibisi kubwa, skrubu nne, bawaba, na ile karatasi. Akavuka njia. Tulitoka nje tukasimama mahali benchi lilipokuwa. Tulimwona akimpa karatasi. Tulimwona yule mama akiisoma, akifika chini, akirudi juu, akifika tena chini. Kisha akaketi palepale kwenye ngazi ya jikoni, akajifunika uso na ile karatasi, na mabega yakaanza kutikisika. Miaka kumi na saba nimeishi kwa kujua, hata gizani, hata kutoka nyuma ya pazia, kama watu wanacheka au wanalia. Siku hiyo sikujua. Megahezi alianza kufungua kamba ya mlango.

Mshonaji alisimama kando yangu, pasi mkononi.

— Kwa hiyo siku nane zote alikuwa anajua mnatunga, alisema. Sasa alikuwa analala vipi?

Wembe aliangalia viatu vyake. Daktari aliangalia viatu vya Wembe. Bi Birika akainua birika atumiminie, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi. Yakatoka masimbi, mashapo matupu ya kahawa.